Siku Niliyotubu Kuzaliwa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo kama ningeruhusiwa kufuta siku moja tu katika maisha yangu ningefuta hiyo, nikaziacha nyingine zote, hata zile za njaa na za misiba. Watoto wangu wa kuwazaa sijawahi kuwaambia habari zake. Nakuambia wewe kwa sababu juzi ulirudi kutoka mafunzo ya Biblia umenuna, ukasema mmebishana na wenzako juu ya mtoto wa yule binti wa nyumba ya pili, kama abatizwe au asubiri, maana baba yake hajulikani. Halafu ukaniuliza, "Bibi, hivi mtoto mchanga anazaliwaje na dhambi?" Nikajifanya sikusikia. Nikakutuma chumvi dukani, na chumvi ilikuwamo ndani. Sasa leo kaa, nikujibu.

Tulikuwa tunaishi Mtoni, upande wa barabara ya Kilwa, miaka ile baada ya Azimio la Arusha, wakati kila mtu alikuwa ndugu. Ndugu mwenyekiti, ndugu karani, hata kibaka akikamatwa sokoni watu walimwita ndugu huku wakimpiga. Mimi na mama tulipanga chumba kwa Bi Mwanahawa, Mzaramo, mwenyeji wa pale pale, mama wa Kiislamu ambaye nyumba yake ilijaa wapangaji wa kila kabila na alitugombeza wote bila upendeleo. Mama alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo, kwenye mashine za nyuzi, na jioni alirudi na pamba kwenye nyusi. Alinileta Dar nikiwa mgongoni, kutoka kijijini kwetu kusini, karibu na Masasi. Baba yangu nilimjua kwa neno moja tu, marehemu. Sikuwahi kuuliza zaidi, maana mama akitajiwa habari hizo alikuwa anainuka kwenda kuangalia chungu.

Kanisani mama alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alikuwa kiongozi wa akina mama, wale wa kitambaa cheupe kichwani, na penye msiba yeye ndiye aliyetangulia kufika na wa mwisho kuondoka. Wajane hasa walimpenda. Mwanamke akifiwa na mume, mama alikwenda kukaa naye mkekani, akamshika mkono, na watu wakasema mwacheni Mama Agnesi aongee naye, yeye anayajua hayo. Agnesi ndiye mimi, mwanangu, kabla hamjaanza kuniita bibi.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, na nilikuwa najiona. Alhamisi alasiri vijana tulikusanyika barazani pa kanisa kusoma Biblia na Mwinjilisti wetu, Mungu amrehemu, kijana mwenye suruali iliyonyooka kwa pasi kuliko zote Mtoni nzima. Biblia zilikuwa chache, tunainamia watu wanne kitabu kimoja, lakini mimi mama alikuwa ameninunulia ya kwangu. Kikitajwa kitabu na sura, mimi nimeshafika kabla wenzangu hawajalamba kidole cha kufunulia. Nilipenda kufika, na nilipenda zaidi kuonekana nimefika.

Ndipo tukaingia kwenye dhambi ya asili. Mwinjilisti alitufundisha kwamba Adamu alipoanguka hakuanguka peke yake, kwamba sote tulikuwa ndani yake, na mtoto anatoka tumboni akiwa na dhambi hata kabla hajajua kutenda lolote. Kwa kuwa nusu ya wazazi wetu walikuwa watu wa viwandani, alitumia mfano wa nguo. Uzi ukiharibika rangi tangu mwanzo, alisema, jora zima litakuwa na doa, na hakuna mita utakayokata ikatoka safi. Tukaelewa, au tulidhani tumeelewa. Kijana mmoja akauliza kama doa hilo ni sawa kwa watu wote. Mwinjilisti akajibu kwamba ni sawa kwa wote, na kama angenyamaza hapo mimi leo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini akaongeza, huku anafunga Biblia yake na kuitazama baiskeli, kwamba wako pia wanaopata doa juu ya doa, kwa namna walivyokuja duniani. Akapanda baiskeli akaenda zake. Sidhani kama alilikumbuka neno hilo hata alipofika njia panda.

Siku zile mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, alikuwa amekuja kutoka kusini kutibiwa macho. Ijumaa, mama akiwa kazini, sisi wawili tulikuwa tunafua uani, nami nikamwomba aniambie baba yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Mama mdogo akaacha kufua.

"Baba yako kafa lini, mwanangu?" akasema. "Si yuko Lindi huko, ana mke na watoto wake."

Kisha akaniona uso, akajua ameharibu. Akaanza kulia, akaniapisha nisimwambie mama. Nilimbana mpaka akasema yote. Yule mwanamume alikuja kijijini na wanunuzi wa korosho, akakaa msimu mmoja, akaahidi ndoa, akaondoka na wenzake korosho zilipokwisha. Mama hakuwahi kuolewa na mtu yeyote. Alihama kijiji kwa aibu, na huko Dar akajitangaza mjane.

Mwanangu, sijui nikuelezeje nilivyoona aibu. Ilikuwa kama mtu ameambiwa kwamba tangu siku zote ananuka na wenzake walikuwa wanamstahi tu. Nilioga, nikaona bado, nikaoga tena. Shuleni nilikaa mwisho wa dawati. Yale maneno ya doa juu ya doa, ambayo Alhamisi yalikuwa ya watu wengine, sasa yalikuwa na jina langu.

Nikaifungua Biblia yangu, nikaanza kutafuta, siyo kwa kujionyesha tena bali kwa hofu. Nikakuta zaburi ya mtu anayelia kwamba hata alipokuwa akitungwa tumboni dhambi ilikuwapo, nikasema huyu ni mimi. Nikaenda kwenye waraka wa mtume kwa Warumi, pale anapoeleza dhambi ilivyoingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, nikasoma mpaka kila palipoandikwa Adamu nikaona pameandikwa jina la mama. Siku nyingine nikaangukia maneno ya nabii mmoja kwamba mwana hatauchukua uovu wa mzazi wake. Moyo ukanipiga kwa furaha. Nikamkimbilia Mwinjilisti nikamwonyesha. Alisoma, akajikuna shingo, akasema nabii anazungumzia adhabu na mtume anazungumzia asili ya mwanadamu, hayo ni mambo mawili, na mimi nisome kwa unyenyekevu. Sikumwambia kwa nini nauliza. Labda ningemwambia angenijibu kama binadamu, maana hakuwa mtu mbaya.

Na nilikuta pia habari ya yule kipofu tangu kuzaliwa, pale wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana anakataa yote mawili. Mistari hiyo niliisoma, nikaipita. Hapo najishangaa mpaka leo. Nadhani nilikuwa nimeshaanza kuipenda aibu yangu, kwa sababu ilinifanya niwe mtu wa pekee. Wenzangu walikuwa na dhambi ya kawaida ya watu wote, mimi nilikuwa na ya ziada. Hata katika kujidharau, mwanangu, mtu aweza kujiona.

Sasa nikueleze jambo moja ndipo uelewe nilichofanya. Kanisani kwetu kulikuwa na utaratibu wa kurudi kundini. Mtu akianguka, hasa binti akipata mimba nje ya ndoa, alitengwa. Hakushiriki Meza ya Bwana, hakuimba kwaya, alikaa benchi la nyuma, na mtoto wake hakubatizwa mpaka mama yake atubu. Mchungaji alikuwa na makanisa mengi ya kuhudumia, kwetu alifika mara chache. Siku akija, wale waliokwisha kuonana na wazee wa kanisa walipiga magoti mbele, naye akamwinamia kila mmoja na kumwuliza kwa sauti ya chini ni amri ya ngapi. Karibu siku zote ilikuwa ya sita, ile ya uzinzi. Hatukuhitaji hata kusikia, tulikwisha kujua. Kisha aliwawekea mkono kichwani, tukaimba, na mambo yakaishia hapo.

Mimi nikapiga hesabu zangu. Mama hakupita kwenye magoti yale. Alinipeleka kubatizwa Dar kwa habari ya marehemu ambaye hajafa. Kwa hiyo ubatizo wangu umekaa juu ya uongo, na lile doa la pili bado liko pale pale. Nani wa kuliondoa kama siyo mimi niliyelivaa? Hiyo ndiyo elimu ya dini niliyojipikia mwenyewe katika chumba cha kupanga, na sikumwuliza mtu yeyote kama imeiva.

Jumapili hiyo mama alininyooshea gauni langu la maua kwa pasi ya mkaa, akanifunga ukanda mgongoni, akasema nimekua. Alikaa mbele na akina mama wenzake, vitambaa vyeupe mstari mzima. Kanisa lilijaa kwa kuwa Mchungaji alikuwepo. Walipoitwa wa kurudi kundini wakatoka mabinti wawili na mwanamume mmoja wa makamo, wakapiga magoti. Nami nikainuka kutoka benchi la vijana, nikaenda, nikapiga magoti mwisho wa mstari.

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nikageuza macho kidogo tu, nikaona wananitazama tumboni. Mabenchi mazima ya watu walionijua tangu nabebwa walikuwa wananitazama tumboni. Mwinjilisti aliangalia karatasi yake, akaangalia mimi, akairudia karatasi. Mchungaji, mzee mwenye miwani mizito ambaye hakutujua vijana kwa majina, akafika kwangu akainama.

"Amri ya ngapi, binti yangu?"

"Ya sita, baba Mchungaji."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akainua mkono aniwekee. Ningenyamaza hapo, aibu ingebaki yangu peke yangu, na ingekuwa aibu ya uongo ambayo miezi michache ya tumbo tupu ingeisafisha. Lakini sikuweza kuivumilia ile huruma. Sikuweza kuyavumilia yale macho. Nikasema, "Lakini siyo yangu. Ni ya mama. Ni ile niliyozaliwa nayo."

Nilitaka kunong'ona. Ila sauti yangu ilikuwa imezoea kusoma Biblia mbele za watu, na kanisa lilikuwa kimya. Waliokuwa nyuma kabisa walisikia.

Nilisikia hatua za mama nyuma yangu. Hakukimbia. Alinishika mkono juu ya kiwiko akasema, "Simama, mwanangu," akaniinua, tukatoka katikati ya mabenchi. Mlangoni alifungua kile kitambaa cheupe, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye benchi la mwisho, akatoka kichwa wazi. Njiani alisalimia kila tuliyekutana naye kama kawaida yake. Shikamoo mzee, hamjambo nyie, za tangu asubuhi. Mimi nilitamani anipige pale pale barabarani, lakini aliendelea kusalimia watu tu.

Habari zilifika nyumbani kabla yetu, usiniulize zilipita njia gani. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kibao chake cha mbuzi anakuna nazi. Mama alipoingia ndani, yeye akaniita kwa kidole.

"Wee Agnesi, njoo. Mie dini yenu siijui, na sina haja ya kuijadili. Kwetu sie mtoto anazaliwa hana kitu. Nyie sijui mmeambiwaje." Akakung'uta mbuzi. "Lakini hata ningekuwa wa dini yenu, nisingekwenda kumvua mamangu nguo mbele za watu, halafu nikasema nasali."

Akaendelea kukuna nazi yake. Mimi nikabaki nimesimama, kwa mara ya kwanza ile Jumapili nikiona kitu nilichofanya kwa umbo lake. Hadi dakika ile nilikuwa bado nafikiria roho yangu mwenyewe.

Mama alikuwa uani na ungo wa maharage, anachambua mawe. Nikakaa mbele yake chini. Hakuniangalia. Alichambua kwa muda, nami nikawa nalia, naye akaacha nilie. Nikamwambia aliyeniambia ni mama mdogo. Akasema anajua, mdogo wake hajawahi kuweza kufunga mdomo tangu utoto. Ndipo akanisimulia, na alisimulia bila kupandisha sauti, huku vidole vinafanya kazi.

Alisema kule kijijini baada ya kunizaa alikubali kutubu. Alimwomba Mungu msamaha peke yake, usiku na mchana, na aliona amesamehewa. Kisha akaenda kanisani, mimi mgongoni, akapiga magoti kama walivyopiga wale mabinti. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia anishushe. Akanishusha, akanipakata. Yule mzee akaninyooshea kidole, akamwambia mama aseme mbele ya wote kwamba anaijutia dhambi hii.

"Alikuonyesha wewe kwa kidole," mama akasema. "Ulikuwa umelala. Nikakuangalia, nikashindwa. Nikamwambia hilo siwezi kusema, nikainuka nikaondoka, na sikukanyaga tena. Ndiyo maana nilihama, siyo aibu. Aibu ningeizoea. Nilihama ili upate kubatizwa mahali ambapo hawataniuliza swali hilo, na nikadanganya, na uongo huo ni wangu." Vidole vikasimama kwenye maharage. "Miaka yote hii mimi sijakujutia hata siku moja, Agnesi. Nilikataa kanisa zima kwa ajili hiyo. Na leo wewe umekwenda kujijutia mwenyewe."

Mwanangu, nimezika mume, nimezika na mtoto. Hakuna kilichonipiga kama maneno hayo ya uani. Nilitaka kumshika miguu, sikuthubutu. Nilitaka kusema nisamehe, hilo nalo sikuthubutu. Akanisogezea upande mmoja wa ungo, nikaanza kuchambua naye.

Wazee wa kanisa walimwita katikati ya wiki. Walimwondoa kwenye uongozi wa akina mama na kumtenga mpaka Mchungaji atakaporudi. Wajane aliowashika mikono walikuwa wakali kuliko wote, na siwalaumu, maana waliona walidanganywa katika saa zao mbaya kabisa. Mmoja alimwambia usoni kwamba alikuja kulilia mume hewa. Mama alisema ni kweli, akaomba radhi. Mwinjilisti alikuja nyumbani, akasimama mlangoni na suruali yake iliyonyooka, akasema yeye hakunifundisha hivyo. Mama akamkaribisha chai, akakataa, akaondoka. Ilimwingia lakini, kwa sababu tangu hapo hakuutumia tena mfano wa jora.

Jumapili zilizofuata mama alikaa benchi la nyuma na mabinti wenye mimba. Mimi nilitaka kukaa naye, akanikatalia. Alisema mahali pangu ni kwa vijana, nikakae huko niangaliwe. Hiyo ndiyo adhabu pekee aliyonipa, na ilinitosha. Nilikuwa nageuka nyuma wakati wa wimbo namwona anaimba kwa moyo wote bila kitabu, kichwa kikiwa na khanga ya kawaida.

Mchungaji aliporudi, mama akatoka kwenda kupiga magoti. Nikainuka ili niende naye, maana niliona ni mimi niliyempeleka pale. Alinitazama kwa mbali tu, na nikajua natakiwa kukaa. Mchungaji akainama, akamwuliza amri ya ngapi. Mama hakunong'ona. Alijibu kwa sauti ya kusikika kanisa zima, kama mimi nilivyosikika, na najua alifanya makusudi.

"Ya nane, baba Mchungaji, kwa kuwa niliwadanganya watu hawa kwamba nilifiwa na mume. Natubu, na ninyi mnisamehe. Na ya sita pia, niliyoitenda ujana wangu, natubu. Mtoto simtubu."

Wazee wawili wakaangaliana. Mmoja alikohoa, akafungua mdomo kusema. Mchungaji aliinua mkono kumnyamazisha bila kumtazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamwambia mama, "Mtoto hakuna aliyekuuliza," akamwekea mkono kichwani. Mkono ulikaa pale muda mrefu. Kisha wakaimba, na mimi kwenye benchi la vijana sikuweza kuimba.

Uongozi hawakumrudishia. Kitambaa cheupe hakukivaa tena mpaka alipokufa, na alipokufa akina mama wa kanisa walibishana mlangoni kwa Bi Mwanahawa kama azikwe nacho. Mwisho alikuja kukileta yule yule mjane aliyemsema usoni, naye ndiye aliyemfunga. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mwanamke mzima mwenye watoto, na bado nilikuwa sijamwambia mama nisamehe kwa maneno. Nilikuwa nimechambua naye maharage mengi, nimemfulia, nimemuuguza. Neno lenyewe sikulisema. Kila nilipotaka, aliinuka kwenda kuangalia chungu, nami nikashukuru kwamba ameinuka.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Kama mtoto anazaliwa na dhambi, mimi siyo mchungaji, na waliosoma wanabishana mpaka leo. Nitakuambia tu nilichokiona kwangu. Adamu alipoulizwa, jambo la kwanza alilofanya ni kumtaja aliyekuwa karibu naye, mwanamke huyu uliyenipa. Nilisoma habari hiyo tangu mtoto nikaicheka. Halafu nikapiga magoti mbele ya kanisa, nikaulizwa, nikaona macho ya watu tumboni kwangu, na nikamtaja aliyekuwa karibu yangu kuliko wote duniani. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Kilitoka chenyewe, haraka, kama kilikuwa kimekaa tayari. Kwa hiyo ukiniuliza kama iko kitu tunachozaliwa nacho, nitasema kipo, nimekisikia kikitoka kinywani mwangu kwa sauti ya kusikika. Lakini hakikutoka kwa namna mama alivyonipata. Yule aliyezaliwa na ndoa ya pete na kengele anacho vile vile, na Mwinjilisti, na wewe, na wale wenzako mliobishana nao.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, fundisho hilo ukilipokea, lipokee kama habari ya watu wote kukaa benchi moja. Siku utakapoona linakupa mtu wa kumweka chini yako, au linakupa sababu ya kujiona mchafu kuliko wengine, ujue umelishika vibaya, rudi ukasome upya, na ile mistari ya kipofu usiiruke kama mimi. Tubu ulichotenda wewe. La mwenzako liache kwa mwenzako, hata kama ni mzazi wako, hata kama unadhani unamsaidia. Na kama kuna mtu wa kumwambia nisamehe, mwambie leo akiwa bado ana masikio, usingoje chungu kiive.

Na huyo mtoto wa nyumba ya pili, Jumapili mwambie mama yake amlete. Wakiuliza nani atasimama naye kama mzazi wa ubatizo, sema yupo bibi mmoja wa benchi la nyuma anajitolea. Nitavaa gauni langu zuri.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe moyo wa kuyaona makosa yako bila kuhitaji kuyaona ya mama yako. Na akujalie, siku zote utakazoishi, kwamba asiwepo mtu wa kukunyooshea kidole ukaamini kwamba wewe mwenyewe ndiwe dhambi. Amina. Sasa nenda ukalete ile chumvi, maana leo kweli imekwisha.